Bando la mwezi lililokata tarehe 12

Saa mbili usiku, mvua inanyesha, mdogo wangu akatoka chumbani na simu mkononi. "Kaka, mtandao umekata." Nikamwambia asubiri, kwetu mvua ikishika mtandao nao hulegea. Akanionyesha simu. Haikuwa mvua. Bando la nyumbani, GB 60 za mwezi mzima ambazo baba alizilipia tarehe 1 kwa fedha ya kabichi, lilikuwa limekwisha. Siku hiyo ilikuwa tarehe 12.

Baba hakupandisha hata sauti. "Hawa watu wametuibia," alisema. "Mwezi unaishaje kwa siku kumi na mbili?"

Mdogo wangu alikuwa katikati ya maombi ya mkopo wa HESLB. Uthibitisho wa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA alikuwa ameshaupata, fomu ilikuwa imejazwa nusu, zilibaki karatasi za kuskani na kupakia, na dirisha lilikuwa linafungwa baada ya siku 3. Wanachuo wenzangu, sina haja ya kuwaeleza maana ya kukosa dirisha hilo. Wengi wetu tuko hapa kwa sababu ya bumu. Nyumbani kwetu ni juu ya mji wa Lushoto, upande wa Magamba, na steshenari ziko mjini. Bodaboda kwenye tope la msimu ule ilikuwa ni kuomba Mungu tu.

Nilitaka kumuunga mkono baba. Nani kati yetu hajawahi kusema "wamekula bando langu"? Lakini kabla ya kuwapigia huduma kwa wateja, nilifungua ukurasa wa ruta, ule unaoingia kwa kuandika namba zilizobandikwa chini ya kifaa. Nilichokikuta pale nitakisema, na hakinipi sifa. Kwanza tuelewane kuhusu kitu ambacho mimi mwenyewe, na mwaka wangu wa pili chuoni, sikuwa nakijua vizuri: hizo GB zinahesabu nini hasa.

Upana wa mfereji na maji yaliyopita

Aliyelelewa Usambara anajua mfereji. Wazee wetu walikuwa wakivuta maji ya kijito kuyapeleka shambani kabla Mjerumani hajafika na kuuita mji wetu Wilhelmstal. Na kwenye mfereji kuna mambo mawili tofauti. Kuna upana wake, yaani maji kiasi gani yanaweza kupita kwa wakati mmoja. Na kuna jumla ya maji yaliyoingia kwenye bustani yako tangu zamu yako ilipoanza.

Mtandao una mambo hayohayo mawili, na matangazo huyachanganya. Upana ni kasi, inayotajwa kwa Mbps, yaani megabiti ngapi zinapita kwa sekunde. Jumla ya maji ni GB, yaani gigabaiti ngapi zimeshapita. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya Mbps 10 inapitisha megabaiti 1.25 kwa sekunde, si 10. Hapo wengi hujikwaa.

Sasa chukua kalamu. Megabaiti 1.25 kwa sekunde, mara sekunde 3,600, ni MB 4,500 kwa saa, yaani GB 4.5. Bando letu la GB 60, kwenye laini ya kasi hiyo ikifanya kazi bila kupumzika, linakwisha kwa saa 13 na dakika 20. Si siku 30, wala siku 12. Ukifungulia mfereji wote asubuhi, usiku unapoingia huna kitu. Na kasi ikiongezeka, bando linaweza kwisha haraka zaidi, ndiyo maana mtu akihamia laini ya kasi hulalamika kwamba GB za huku ni ndogo kuliko za kule alikotoka. GB ni zilezile. Ila video ambayo zamani ilishuka yenyewe hadi picha ya ukungu kwa kukosa nafasi, sasa inapata nafasi na inajiletea picha kali bila kukuuliza.

Hesabu ya pili ni ya upole zaidi lakini ndiyo inayouma. GB 60 kwa siku 30 ni GB 2 kwa siku. Nyumbani tulikuwa watu 6. Kila mtu ana kama MB 330 za siku. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3. Yaani mtu mmoja, filamu moja ya saa mbili, na siku tatu za nyumba nzima zimekwenda.

Kinachohesabiwa

Mita ya data haiko kwenye ruta yako. Ruta ina hesabu yake, lakini inayokata bando iko upande wa kampuni, kwenye lango ambalo kila kinachotoka kwako na kila kinachokuja kwako lazima kipite. Lango halijui kama ulifurahi, kama faili lilifika zima, wala kama wewe ndiye uliyeliomba. Linahesabu kilichopita tu.

Kutokana na hilo kuna mambo matatu ambayo watu hubishana nayo. La kwanza, kupakia nako kunahesabiwa. Picha ulizopiga mwenyewe, za kwako, zilizo kwenye simu yako, zikienda kuhifadhiwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni zinakula bando sawasawa na filamu uliyoshusha. La pili, kilichokatika njiani na kuanza upya kinahesabiwa mara mbili. Ukishusha faili la MB 600, umeme ukakatika likiwa limefika 500, na programu yako ikaanza mwanzo badala ya kuendelea pale ilipoishia, mita imesoma MB 1,100 na wewe mkononi una faili la 600. Huku milimani, ambako umeme na mawimbi vyote vina tabia zao, hiyo si hesabu ndogo. La tatu, vifaa vinafanya kazi vikiwa vimelala. Simu iliyo kwenye chaja saa nane usiku, ikiona Wi-Fi, inafurahi: inasasisha programu, inapakia picha, inashusha video za makundi yote ya WhatsApp.

Hili la tatu ndilo linalotofautisha bando la nyumbani na bando la simu. Unapotumia bando la laini, simu inajua kwamba data inauzwa, na mipangilio mingi inaizuia isifanye mambo makubwa mpaka ipate Wi-Fi. Ruta ya nyumbani inaidanganya. Simu ikiona Wi-Fi inadhani imefika mahali pa bure. Nyuma ya hiyo Wi-Fi kuna laini ileile ya simu kadi, yenye bando lilelile linalopimwa, ila simu haina njia ya kulijua hilo mpaka uiambie.

Kwa nini wanauza kwa GB

Baba aliniuliza swali la maana: kwa nini chuoni kwenu hamnunui GB?

Ni kwa sababu chuo hununua upana wa mfereji. Taasisi inalipia Mbps kadhaa, zitumike au zisitumike, na jioni wanafunzi wote wakiingia kwa pamoja mtandao unakuwa mzito, lakini haukati. Hakuna anayehesabu GB zako. Nyumba zenye faiba mara nyingi nazo huuziwa hivyo, kwa kasi, bila kikomo cha GB au kwa kikomo kilicho mbali sana. Waya wa kioo unabeba mambo mengi mno kiasi kwamba kuhesabu ndoo moja moja hakuna faida.

Tangu kebo za baharini SEACOM, mwaka 2009, na EASSy, mwaka 2010, zilipofika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuzisambaza mikoani, data nyingi haina shida ya kufika nchini wala kupita bara. Shida iko kwenye hatua za mwisho. Kutoka Mombo kule tambarare hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona, daraja na jabali, kupitia Soni, na baada ya Lushoto kuna Mlalo, Mtae, na vitongoji vilivyoning'inia kwenye miteremko, nyumba moja huku na nyingine ng'ambo ya bonde. Kumvutia kila mmoja faiba ni gharama ambayo mteja wa kabichi hawezi kuilipa. Kwa hiyo wengi wetu tunaishi kwa mnara.

Mnara ni mfereji wa kijiji. Masafa ya redio yana kiasi chake, na wote mnaoonwa na uso mmoja wa mnara mnagawana hayohayo: ruta yetu, simu za sokoni, simu za abiria waliomo kwenye basi linalopita. Kampuni haiwezi kukuahidi Mbps 10 muda wote, kwa sababu haijui saa hiyo mko wangapi, na kigongo cha mlima kikikaa kati yako na mnara hata hiyo yako inapungua. Kwa kuwa haiwezi kuuza upana, inauza ujazo. Kikomo cha GB kina kazi mbili, na zote ni za kweli. Moja ni kuzuia mwenye shamba la juu asifungulie maji usiku kucha wa chini wakakosa. Nyingine ni biashara: bando likikata tarehe 12, linanunuliwa lingine. Atakayekwambia ni moja tu kati ya hizo, ama ni msemaji wa kampuni ama ni baba yangu siku ile.

Bila kikomo yenye kikomo

Neno "bila kikomo" kwenye vifurushi vya nyumbani linastahili kusomwa na kile kiandishi kidogo cha chini. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtandao hautakatika, lakini ukishapita GB fulani kasi itashushwa mpaka mwezi ugeuke. Si lazima iwe ulaghai, inategemea kasi inashuka mpaka wapi. Tuseme imeshuka hadi kilobiti 512 kwa sekunde. Hiyo ni kilobaiti 64. Faili la PDF la MB 2 litapita kwa nusu dakika hivi, ujumbe utaenda, fomu itafunguka kwa uvumilivu. Darasa la video halitawezekana. Kwa familia yenye mwombaji wa mkopo, bando dogo linaloshuka kasi ni bora kuliko bando kubwa linalokata kabisa. Wakati wa kununua hakuna anayelitazama hilo. Tunatazama namba ya GB iliyoandikwa kwa herufi nene.

"Mwezi" nao uutazame. Kwenye vifurushi vingi vya kulipia kabla, mwezi ni siku 30 tangu ulipolipa, na GB zilizobaki siku ya 30 zinaweza kupotea zote. Mwaka 2021 TCRA ilitoa maelekezo kuhusu vifurushi, na ndani yake kulikuwa na mambo ambayo mteja anapaswa kuyajua: kupewa taarifa matumizi yanapofika asilimia 75 na asilimia 100, kuchagua kama anataka kuendelea au kutoendelea nje ya kifurushi, na kuweza kuendelea na salio lililobaki akinunua tena kifurushi hichohicho kabla muda haujaisha. Watu wanaukumbuka mwaka ule kwa sababu nyingine. Aprili 2, bei mpya za vifurushi zilipotoka, kelele zilikuwa kubwa mpaka serikali ikazisitisha. Yale maelekezo mengine yakafunikwa na kelele.

Hiyo taarifa ya asilimia 75 ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu usiku ule, kicheko cha uchungu. Ujumbe huenda kwenye namba ya laini yenye bando. Laini yetu iko ndani ya ruta. Nilipoingia kwenye ukurasa wake nikakuta sanduku la ujumbe ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifungua tangu kifaa kinunuliwe. Ujumbe wa asilimia 75 ulikuwemo, wa tarehe 9. Kampuni ilituma, na ruta ilipokea kimyakimya juu ya kabati, karibu na redio.

Orodha

Ruta yetu inaorodhesha vifaa na kiasi kilichopita kwa kila kimoja. Nilikaa na baba tukaisoma, yeye ameshika daftari lake la mauzo.

Simu yake, GB 0.9. Simu ya mama, 1.1, karibu yote video za kundi la kwaya. Simu ya mdogo wangu, ile iliyokuwa inajaza maombi ya mkopo, 4.2. Kifaa kisichojulikana, 7.6, huyo baadaye tulimjua, kijana wa jirani aliyepewa nywila na mdogo wetu wa mwisho kwa kubadilishana na matunda damu. Simu yangu, 14.5. Laptopu yangu, 31.7.

Baba alijumlisha. GB 60. Akajumlisha zangu peke yake: 46.2. Akafunga daftari.

Simu ilikuwa rahisi kuielewa. Nilitoka field na picha na video za miezi miwili, na usiku wa kwanza nyumbani ilianza kuzihifadhi mtandaoni. Laptopu ilinibidi niifuatilie kwenye mipangilio ya Windows, sehemu inayoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani kwa siku 30. Masasisho ya mfumo na programu za ofisi, GB 13 hivi. Mihadhara ya YouTube, saa 8 niliyoangalia kwa 1080p, karibu 12. Mwalimu amesimama mbele ya ubao, 480p ingetosha kabisa na ingekula kama theluthi. Programu moja ya ramani niliyojaribu kuishusha mara 3, umeme ukikatika kila mara, 3.4. Zilizobaki ni folda ya field niliyoiacha ijilinganishe na akaunti yangu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichokifanya kwa makusudi ya kuharibu. Nilifanya kama ninavyofanya kila siku kampasi, kwenye mfereji unaolipiwa upana, na nikafika nyumbani na tabia hiyohiyo kwenye mfereji unaolipiwa ndoo. Fedha ni ya kabichi ya baba, na aliyelipa gharama ni mdogo wangu.

Usiku uleule, kwa bando la siku moja la laini yangu ya simu, niliweka mambo sawa kabla ya kununua tena. Kwenye Windows, ndani ya mali za Wi-Fi ya nyumbani, kuna swichi ya kuiambia kompyuta kwamba laini hii inapimwa. Ukiiwasha, sehemu kubwa ya masasisho inasubiri. Android nayo ina swichi kama hiyo kwa kila Wi-Fi. Nilizima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja, nikazima upakuaji wa video wa WhatsApp kwenye simu zote isipokuwa ya mama, aliyesema kwaya haizimwi. Video nikaziweka 480p. Nywila nikabadilisha. Na programu ya ramani nikaiacha mpaka nirudi chuoni, mahali pake.

Kisha nikahamisha mdogo wangu kwenye Wi-Fi ya simu yangu. Karatasi zake zilikuwa picha za MB 4 kila moja. Tulizigeuza kuwa PDF ndogo, zote pamoja zikawa chini ya MB 3. Saa kumi na moja alfajiri, mnara ukiwa mtupu na mvua imekata, alibonyeza kutuma. Ikapita kwa mara ya kwanza. Nikaangalia salio langu: maombi yote, tangu tulipoanza kupakia mpaka mwisho, yalikula MB 19.

Baba aliponunua bando jingine wiki iliyofuata, aliliandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wake peke yake, majina sita pembeni. Langu liko la kwanza, na limepigiwa mstari.